Mzuka au presha? Kisa cha mwanafunzi aliyeuogopa moyo wake

Kisa hiki nawaandikia wanasihi wenzangu, walezi wa mabweni na walimu wa vyuo, ambao kila msimu wa mitihani hufuatwa na vijana wanaosema, "Nina stresi, madam, nahisi nakufa." Mhusika ameridhia kiandikwe. Jina, kozi, mkoa na chuo nimeviondoa, na mambo madogomadogo nimeyabadili asije akatambulika. Humu tutamwita Baraka. Makosa ya ofisi yetu, na yangu mimi, sikuyapunguza.

Usuli

Baraka alikuwa na miaka 22, mwaka wa pili wa kozi ya sayansi katika chuo kikuu cha umma hapa Tanzania. Kwenye ukoo wao ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu. Alikuwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo, ingawa haukufunika ada yote, na boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo huo, ikitoka alikula yeye na nyingine akatuma nyumbani. Mwaka wa kwanza alipita bila sapu (mtihani wa marudio kwa aliyefeli) hata moja, GPA, yaani wastani wa alama, 3.6. Jioni alicheza winga ya kulia kwenye timu ya kitivo.

Baba yake alifariki yeye akiwa kidato cha sita. Alianguka asubuhi akijiandaa kwenda kazini, na jua halikuzama naye. Kiharusi. Miezi hiyo familia ilikuwa kwenye mgogoro wa kiwanja uliofika hadi baraza la ardhi, kwa hiyo msibani, kuanzia kwenye mkeka wa akina mama hadi chini ya turubai la wanaume, neno lilikuwa moja: mawazo ya kiwanja yamemuua. Siku ya tatu baba mkubwa alimshika Baraka begani akamwambia, "Mwanangu, usije ukawa mtu wa mawazo kama baba yako. Hii kitu inaua."

Yalikuwa maneno ya mapenzi, na Baraka aliyabeba hadi chuoni.

Hapa kuna jambo la lugha ambalo sisi wanasihi tunalipita haraka mno. Kiswahili chetu cha kila siku kina neno moja, "presha", kwa ugonjwa wa shinikizo la damu na kwa hali ya kubanwa na mambo. Mwanafunzi anasema "nina presha ya test", nyumbani wanasema "bibi ana presha", na hakuna anayeuliza ni ipi. "Mawazo" nayo ni fikra, ni huzuni, na ni ugonjwa wa anayekonda bila sababu. Wengi wetu tunazitenganisha maana hizi bila hata kujua kwamba tunafanya hivyo. Mtu aliyezika baba kwa presha na mawazo, maneno yote mawili kwa maana zote kwa pamoja, hana sababu ya kuzitenganisha.

Kilichotokea

Mwanzoni mwa muhula ofisi yetu ilibandika mabango kwenye mabweni na kafteria. Juu yaliandikwa kwa herufi nyekundu STRESI INAUA. Chini palichorwa moyo wenye ufa, na pembeni orodha: kiharusi, shambulio la moyo, vidonda vya tumbo, kisukari, kupungukiwa nguvu za kiume. Maneno yale niliyaandika mimi. Nilitaka vijana waje kutuona mapema. Baraka alilipiga picha bango lile, na miezi miwili baadaye alinionyesha picha hiyo kwenye simu yake kama ushahidi.

Wiki ya sita ilikuwa ya test ya kwanza ya somo gumu kuliko yote ya muhula. Boom ilikuwa haijatoka. Alikuwa amekula chapati moja na chai ya rangi, akapiga msuli (kusoma) kimbwetani, kwenye meza za nje, mpaka saa tisa usiku, akasukuma usingizi kwa makopo mawili ya vinywaji vya kuongeza nguvu. Saa mbili asubuhi karatasi zilipogawiwa, moyo ulianza kwenda mbio. Hilo lilikuwa limewahi kumtokea. Safari hii aliusikiliza. Kadiri alivyousikiliza ulizidi, viganja vikaloa, vidole vikashika ganzi, pembeni mwa macho pakawa na giza. Alichoniambia baadaye ni kwamba swali la kwanza alilijua. Hakulisoma la pili. Alitoka baada ya dakika 12.

Alikwenda moja kwa moja duka la dawa lililo nje ya geti, akapimwa akiwa amesimama na bado anahema: 152/94. Muuzaji akamwambia, "Kaka, umri huu tayari una presha? Punguza mawazo."

Yalikuwa yamemfikia mara tatu sasa: kwa baba mkubwa, kwenye bango letu, na kwa mtu mwenye koti jeupe.

Wiki hiyo alikopa hela akanunua mashine ya kupimia presha ya mkononi na kuanza kuandika kwenye daftari gumu la kaunta. Daftari hilo ninalikumbuka vizuri kuliko maneno yake mengi. Kila ukurasa ulikuwa na mistari aliyoipiga kwa rula: saa, kipimo cha juu, cha chini, mapigo, na safu ya mwisho aliyoiita "nilikuwa nawaza nini". Kuna usiku mmoja alipima mara 31. Saa tano: 128/80. Saa sita kasoro: 137/85. Saa sita na robo: 141/88, na kwenye safu ya mwisho, "nawaza kwa nini imepanda". Saa saba: 149/92, "nawaza baba". Mwandiko unaanza umenyooka na mwisho wa ukurasa unatambaa.

Wiki ya saba alifika mlangoni mwa ukumbi wa test ya somo jingine, akageuka. Wiki ya nane aliacha mpira, kwa hoja kwamba kukimbia kunapandisha presha. Akaacha kusoma usiku, akaacha vipindi vya asubuhi. Hofu ya kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, ikaja juu ya hofu ya kufa. Kwetu kazi za darasani ni alama 40 na mtihani wa mwisho 60, na asiyefikisha 16 katika zile 40 haruhusiwi kufanya mtihani. Hesabu hiyo aliijua kwa moyo. Kila alichokiacha ili kupunguza mawazo kilimwongezea la kuwaza.

Aliyemleta ofisini ni mwenzake wa chumbani.

Kikao cha kwanza nilikiharibu. Nilimsikiliza vizuri, nikamuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua, akasema hapana, ila anatamani arudi kwao asionekane tena. Mpaka hapo sawa. Kisha nikampa ushauri niliompa kila mtu kwa miaka: apumzike, apunguze mawazo, na moyo ukianza kwenda mbio akae avute pumzi polepole mpaka utulie. Siku tatu baadaye alirudi akiwa amekonda uso. "Madam, nimepumua kama ulivyosema. Moyo umekataa kutulia. Kwa hiyo yangu imeshakomaa."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini nianze upya.

Tulichoamua, na kwa nini

*Daktari kwanza.* Nilipaswa kumpeleka siku ya kwanza. Huwezi kumwambia kijana kwamba moyo wake hauna tatizo wakati wewe mwenyewe hujui, hasa kijana mwenye historia hiyo nyumbani. Daktari wa kituo cha afya cha chuo alimkalisha dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na akahakikisha hajanywa chochote chenye kafeini asubuhi hiyo. Akapima: 122/76. Akarudia: 118/74. Kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa safi, wingi wa damu wa kutosha, tezi ya shingo haina neno. Daktari alimweleza kwamba yaliyompata ukumbini ni shambulio la hofu, na kwamba kipimo kimoja cha duka la dawa, mtu akiwa amesimama, hajalala, ana kafeini mwilini na amejawa hofu, hakimfanyi mtu kuwa mgonjwa wa presha.

*Simu kwa mama.* Kwa ridhaa yake tulimpigia mama yake tukiwa pamoja, sauti ya nje. Nilitaka kujua kilichotokea kwa marehemu kabla ya siku ile. Mama alieleza kwa utulivu. Mumewe aligunduliwa na shinikizo la damu miaka tisa kabla ya kifo. Alipewa dawa, akazitumia mwaka mmoja na kidogo, akajisikia mzima, akaziacha. Kila mama alipomkumbusha alijibu, "Mimi sina mawazo, presha itatoka wapi?" Baraka alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuwa amewahi kusikia habari ya dawa. Sisemi kwamba mgogoro wa kiwanja haukuwa na mchango wowote. Lakini miaka karibu minane ya presha isiyotibiwa ilikuwa imefichwa nyuma ya sentensi moja ya msibani. Na tazama: imani ileile kwamba presha ni mawazo ndiyo iliyomfanya baba aache dawa na mwana aache shule.

*Kuacha kumtuliza.* Huu ndio uamuzi nilioutafakari kuliko yote. Ushauri wa kutulia unabeba ujumbe ambao hausemwi, kwamba moyo unaokwenda mbio ni hatari na lazima uzimwe. Mwanasaikolojia wa Uingereza David Clark alilieleza hili mwaka 1986: kinacholisha shambulio la hofu ni tafsiri ya maangamizi ambayo mtu anaipa hali ya kawaida ya mwili wake. Moyo unadunda, mtu anasema nakufa, hofu inaudundisha zaidi, naye anapata uthibitisho. Daftari la Baraka lilikuwa mchoro wa jambo hilo, umeandikwa kwa kalamu ya bluu.

Kwa hiyo nilimweleza mwili unafanya nini. Tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo unasukuma damu kwa kasi kuelekea kwenye misuli na ubongo, ini linaachia sukari, njia za hewa zinapanuka. Ganzi ya vidole inatokana na kuhema haraka kupita kiasi, hewa ukaa ikapungua kwenye damu. Haya yote ni maandalizi. Alisikiliza kwa adabu, kama mwanafunzi wa sayansi ambaye tayari aliyajua, na nikaona kwamba hayajamwingia.

*Ngazi.* Wiki iliyofuata nilimtoa nje ya ofisi. Jengo letu lina ghorofa nne. Nikamwomba apande mbio mpaka juu na kushuka. Alikataa, macho yamemtoka. Tukakubaliana ghorofa moja, kwa kutembea, mimi nikiwa naye. Kisha mbili. Kikao cha nne alipanda mwenyewe mpaka juu, akarudi jasho linamtiririka, nikamvulia saa yangu ahesabu mapigo kwenye shingo. Alihesabu 33 kwa sekunde 15.

"Hiyo ni 132 kwa dakika," nikamwambia. "Siku za mechi, refa hajapuliza filimbi, moyo huwaje?"

"Hivihivi."

"Na nyinyi mnaitaje hali hiyo?"

Alicheka, mara ya kwanza tangu nimjue. "Mzuka, madam. Tunasema mzuka umepanda."

"Na ukiwa kwenye test?"

Alikaa kimya muda mrefu, vidole bado viko shingoni. "Presha," akasema.

Sikuongeza kitu. Kuna utafiti unaoelekea huko. Mwaka 2010 Jeremy Jamieson na wenzake Marekani waliwaambia baadhi ya wanafunzi, kabla ya mtihani wa majaribio, kwamba mwili kuchemka kunaweza kusaidia kufanya vizuri. Walifanya vizuri zaidi kwenye hesabu kuliko wenzao, na hata alama walizoleta baadaye za mtihani wenyewe wa hesabu zilikuwa juu. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks alionyesha kwamba kabla ya kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu, kujiambia "nimesisimka" kulisaidia kuliko kujiambia "nimetulia". Hilo nililijua kwa kusoma. Ambacho sikuwa nacho ni neno. Nilikuwa nikihangaika kutafsiri, na neno lilikuwa uwanjani miaka yote, linapigiwa kelele kila jioni dirishani kwangu.

*Daftari na mashine.* Sikumwambia aiache mashine siku moja. Mtu anayejipima mara 31 ukimnyang'anya mashine atakwenda duka la dawa. Tulikubaliana mara moja kwa siku, asubuhi, kwa namna aliyofundishwa na daktari. Baada ya wiki mbili mashine ikahamia kituo cha afya, akapimwa kila Ijumaa. Safu ya "nilikuwa nawaza nini" nilimwomba aiendeleze, ila aandike na alichokifanya baada ya hapo.

*Idara.* Niliandika barua mbili za kuomba arudie test, nikiambatanisha ya daktari. Mwalimu wa somo la kwanza alikubali. Wa pili alikataa kwa kuwa Baraka hakutoa taarifa ndani ya muda wa kanuni, na kikanuni alikuwa sahihi.

*Chakula.* Boom ilitoka wiki ya kumi. Kabla ya hapo mlezi wa bweni alimpatia kuponi za kafteria za siku nane. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndivyo nilivyoliweka wakati ule, na nitalirudia.

Matokeo

Test ya marudio aliifanya akiwa amekaa safu ya mbele kwa hiari yake. Alinieleza kwamba moyo ulianza kama siku ile, akajisemea kimoyomoyo "mzuka umepanda", akaanza na swali alilolijua, na kwenye swali la tatu aligundua kwamba ameacha kuusikiliza. Alipata 13 kati ya 20. Alirudi uwanjani wiki hiyohiyo.

Mwisho wa muhula alikuwa na sapu mbili. Moja alifaulu mwezi Septemba, nyingine akakarii, yaani akalibeba somo hilo kulirudia mwaka uliofuata. GPA ilishuka hadi 2.9. Hakudisko. Mwaka wa tatu alikuja ofisini mara mbili tu, zote kwa hiari. Bado usiku wa kuamkia mtihani huamka saa tisa na moyo unamdunda, na bado hapendi. Tofauti anayoitaja ni kwamba hawashi taa kutafuta mashine. Hupima presha kila baada ya miezi mitatu kwa ushauri wa daktari, kwa sababu historia ya baba yake ni ya kweli na inahitaji kuangaliwa. Mdogo wake wa kike, aliyekuwa kidato cha nne, alielezwa habari ya dawa za baba na Baraka mwenyewe likizo ile. Hilo halikuwa kwenye mpango wangu wowote.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Ningependa kusema ni mazungumzo ya ngazini. Kwa sehemu ni kweli. Elimu ya adrenalini niliyompa kwa mdomo haikubadili kitu. Kilichombadilisha ni kuukuta moyo wake mwenyewe, chini ya vidole vyake mwenyewe, ukienda mbio naye yuko hai. Mtu aliyejifunza hofu kwa mwili ni vigumu kuiacha kwa maelezo.

Lakini ngazi bila daktari zingekuwa uzembe. Na daktari bila simu ya mama angeacha nguzo kuu ya imani imesimama, kwa sababu Baraka angesema, ndiyo, mimi vipimo vyangu ni vizuri leo, hata baba alikuwa mzima mpaka siku ile. Ilibidi hadithi ya kifo ijibiwe kwa hadithi ya kifo iliyo kamili zaidi.

Neno "mzuka" lilikaa kwa sababu lilikuwa lake. Nimejaribu tangu hapo kuwaambia vijana wengine "ita mzuka" moja kwa moja, na kwa wengi, hasa wasio wa michezo, linasikika kama mzaha wa madam anayejifanya kijana. Mwimbaji wa kwaya mmoja aliniambia yeye kabla ya kusimama mbele ya kanisa husema "nimewaka". Binti wa sheria akasema kwao kabla ya ngoma mwili "unaamka". Siku hizi nauliza tu: ni wapi moyo wako huenda mbio na ukapenda?

Uchambuzi: tulipokosea

Bango. Tuliamini kwamba ukimwogofya mtu kuhusu msongo ataukimbia. Mwanafunzi hana pa kukimbilia. Test iko wiki ijayo. Anachobaki nacho ni msongo uleule pamoja na hofu ya msongo. Na orodha yenyewe ilikuwa na makosa ya kitaalamu. Vidonda vya tumbo, kwa mfano, kwa sehemu kubwa husababishwa na bakteria wa tumboni na matumizi ya dawa za maumivu. Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa ugunduzi wa bakteria huyo. Ni wangapi tuliwaambia "ni mawazo tu, punguza" wakati walihitaji kipimo na dawa? Sijui ni kwa nini sikujiuliza hilo kabla ya kulipeleka bango kwa mchapaji.

Najua pia kishawishi cha kugeukia upande wa pili. Kuna utafiti wa Marekani unaopendwa sana kwenye semina. Ulitumia takwimu za watu karibu 29,000 waliohojiwa mwaka 1998, na ulichapishwa mwaka 2012. Waliosema wana msongo mwingi na pia wakaamini unawadhuru sana kiafya walikuwa na uwezekano wa kufa mapema mkubwa zaidi kwa asilimia 43. Wahamasishaji huutangaza kana kwamba imani ndiyo iliyowaua. Utafiti haukuthibitisha hivyo. Anayeamini kwamba msongo unamdhuru huenda tayari anadhurika, anaugua, na anasema kweli. Kuandika bango jipya la IMANI YAKO INAKUUA lingekuwa kosa lilelile kwa rangi nyingine.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuja baada ya Baraka kupona, na ndilo linaloniuma. Nilijawa na furaha. Nilikuwa nimesoma majaribio ya Alia Crum na wenzake ya mwaka 2013, ambapo video fupi zilibadili namna wafanyakazi wanavyoutazama msongo, na ya David Yeager na wenzake ya mwaka 2022, ambapo somo la mtandaoni la kama nusu saa liliwasaidia vijana. Nikaitisha semina ya mwaka wa kwanza. Walikuja kama 60. Nikaeleza adrenalini, nikaeleza mzuka, wakacheka, wakapiga makofi. Binti mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono.

"Samahani, madam. Mimi sijala tangu jana mchana. Hapa nilipo moyo unanienda mbio na mikono inatetemeka. Huo nao ni mzuka?"

Ukumbi ulinyamaza. Nikajibu kwamba inategemea mtu anavyoutazama. Nilisema hivyo, mbele ya watu 60, kwa mtoto mwenye njaa. Alikaa, na kabla semina haijaisha alikuwa ameondoka.

Moyo wake ulikuwa unamwambia ukweli: mwili hauna chakula. Tafsiri yake haikuwa na kosa lolote la kurekebishwa. Imani kuhusu msongo ni jambo la kushughulikia pale ambapo mtu anakabiliwa na kitu anachokiweza lakini anauogopa mwili wake, kama Baraka na swali la kwanza alilolijua. Njaa, deni la ada, mwalimu anayedai rushwa ya ngono, mgonjwa nyumbani, hivi vinaondolewa, havitazamwi upya. Nikirudi kwenye kisa cha Baraka sasa, naona kwamba hata kwake siwezi kusema kwa uhakika ni kiasi gani kilitokana na ngazi na kiasi gani na kuponi za kafteria. Vilikuja wiki zilezile. Sikumpima imani yake kwa dodoso lolote mwanzoni, kwa hiyo nina daftari lake na kumbukumbu yangu, basi.

Ilinichukua wiki mbili kumpata yule binti. Boom yake ilikuwa imezuiliwa kwa sababu jina kwenye akaunti ya benki lilitofautiana kwa herufi moja na la kwenye usajili, naye hakujua aende wapi. Dawati la mikopo lilimaliza suala hilo kwa siku nne. Nilimwomba radhi. Alinijibu, "Nimekusamehe, mama," kisha akaniuliza kama semina nyingine nitaanza na hilo.

Mabango tuliyaondoa yote. Fomu ya kumpokea mwanafunzi ofisini tumeiandika upya, na wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu ndio waliotusaidia kuchagua maneno. Swali la tano linauliza: moyo wako ukienda mbio, huwa unajiambia nini? Swali la kwanza linauliza: umekula lini mara ya mwisho?